Asiyetajwa Hapo Juu

Nairobi,
11 Juni 1984

Kwa Mzee Arero Yattani, Kisima cha Injini, njia ya Kulamawe,
kwa mkono wa Robow mwenye duka, Bulla Pesa, Isiolo.

Habari ya kazi, mzee.

Hatujaonana. Mimi ni Karimi Mwiti, nafanya kazi kwenye ofisi ya mradi hapa Nairobi, katika chumba cha kompyuta. Dereva wetu ameniambia kwamba wewe ndiye mwenye ufunguo wa injini ya kisima, na kwamba watu wakigombania zamu ni wewe unayewaamua.

Kuanzia mwezi wa tisa, karatasi ya zamu itatoka kwa kompyuta. Bila karatasi hiyo hakuna dizeli. Mvua imekosa, mafuta ni kidogo, na wafadhili wanataka kujua kila pipa limenywesha mifugo ya nani. Kwa hiyo kanuni zenu za kisima lazima ziandikwe, tena ziandikwe bila tundu.

Sisi watu wa kompyuta huandika kanuni kwa alama. Alama ni safi, lakini mwenye ng'ombe hawezi kuzisoma, basi hakuna wa kutuambia tumekosea mpaka kosa lifike birikani, mifugo inaponywea. Mimi nimetengeneza programu inayopokea Kiswahili cha kawaida, bora kila sentensi iwe na umbo hili: Kama hivi, basi vile, isipokuwa hivi. Programu inaigeuza sentensi kuwa alama. Kisha inazirudisha alama kuwa Kiswahili, ili nyinyi wenyewe msikie mashine imeelewa nini.

Wakubwa wangu wanasema mtu wa kisimani hawezi kuandika maelezo ya kompyuta. Naomba unisaidie kuwaonyesha.

Wako,
Karimi Mwiti


Kisimani,
24 Juni 1984

Kwa Bi Karimi,

Jina lako ni la Meru, kwa hiyo nakusalimu kwa habari. Sisi tuko katika mwezi wa kufunga, naandika kabla jua halijapanda, maana baadaye kichwa hakifanyi kazi.

Nikuambie ukweli kwanza. Nilisoma mpaka darasa la nne huko Sololo, halafu ng'ombe wakahitaji mtu. Baadaye ng'ombe wakaisha, nikahitaji kazi. Mke wangu na watoto wanne wako Sololo, na huu ni mwaka wa sita ninawasha injini ya watu wengine. Inanitetemesha mifupa hata ikiwa imezimwa. Nikipoteza ufunguo huu, watoto hawana kitu kingine. Kwa hiyo ukiniuliza nitakusaidia, ndiyo, lakini usinitie katika shida na Bwana Mbae, meneja wetu wa Isiolo. Yeye hapendi mfanyakazi mwenye maneno.

Hizi kanuni hazikuanza na injini. Baba yangu alikuwa aba herega, yaani msimamizi wa zamu, kwenye visima virefu vya kwetu, vile ambavyo watu husimama kwenye ngazi wakipokezana ndoo wakiimba. Alikuwa na kanuni zote kichwani. Mimi nazitoa kwa Kiborana, nazitia kwa Kiswahili, wewe unazitia kwa alama. Kama maziwa yanayomiminwa kibuyu kwa kibuyu, tuangalie yatakayofika.

Kama binadamu ana kiu, basi anakunywa kabla ya mnyama yeyote.

Kama zamu ya mtu imefika na injini imekufa, basi zamu yake haifi, inasogea.

Kama mtu hakuja siku ya kutoa matope birikani, basi ananywesha wa mwisho, isipokuwa alikuwa na maiti au mgonjwa nyumbani.

Kama punda amekuja kubeba maji ya nyumbani, basi anakunywa wakati wowote.

Nimeandika nyingine kumi na saba nyuma ya karatasi hii. Lakini umeuliza kila mtu ana ng'ombe wangapi. Hiyo sitakuandikia. Ng'ombe hawahesabiwi mbele ya watu kama viazi vya Meru. Pima kwa birika. Mzee Wario ni birika nne. Umulkheir ni birika moja na nusu. Inatosha.

Arero Yattani


Nairobi,
6 Julai 1984

Mzee Arero,

Idi njema, najua nimechelewa.

Sentensi zako zimeingia. Ishirini na moja, na programu imekataa tatu tu. Nimewaonyesha wenzangu, na mmoja aliyekuwa akinicheka ameomba kuziona tena. Birika ni kipimo kizuri kuliko kile tulichokuwa nacho. Asante.

Sasa sikiliza mashine imeelewa nini. Nakunakilia kama ilivyotoka:

"Punda wa maji ya nyumbani anakunywa wakati wowote, hata kama injini imezimwa."

"Mtu asiyekuja siku ya matope ananywesha wa mwisho, siku zote za maisha yake."

Naomba uwasomee watu wote nakala niliyoiambatisha, kisha uniambie wamesema nini.

Na maswali mawili. Injini ikifa siku mbili, siku ya tatu watakuja watu wa siku tatu, nani atangulie? Na swali kubwa zaidi: kuna jambo lolote hamjaniambia? Mashine si kama mtu, mzee. Haijui lisilosemwa.

Karimi


Kisimani,
19 Julai 1984

Kwa Bi Karimi,

Nimewasomea. Watu wamecheka mpaka ng'ombe wakainua vichwa. Mzee Wario amesema, "Huyo punda wa Nairobi atakunywa moshi." Umulkheir naye anamwambia mume wake, ambaye alikosa siku ya matope mwaka jana, "Umesikia? Mpaka kufa!" Hata sasa akipita wanamwita Mpaka Kufa.

Lakini baada ya kicheko walikaa wakasikiliza vizuri. Sijawahi kuona karatasi ya serikali wala ya mradi ikisikilizwa hivyo. Mzee Wario amesema hii ni karatasi ya kwanza ambayo imekuja kuuliza badala ya kuja kusema.

Andika hivi: Kama mtu hakuja siku ya matope, basi ananywesha wa mwisho mpaka siku nyingine ya matope. Punda anakunywa wakati wowote ambapo maji yako birikani. Na injini ikifa, mwenye ndama wachanga anatangulia, halafu aliyesubiri zaidi.

Swali lako la mwisho nimelifikiria. Yako mambo hayaandikwi. Si siri. Ni kwamba ukiyaandika unawatukana watu. Wewe huwezi kuandika ukutani kwenu, "Usimpige mama yako." Mgeni akisoma atajiuliza hii ni nyumba ya watu gani. Mambo ya namna hiyo niachie mimi, ninayajua.

Vumbi limeanza. Majani ya upande wa Garba Tula yamekwisha, na watu wameanza kuhama.

Arero


Nairobi,
4 Agosti 1984

Mzee Arero,

Nimemsomea mama yangu maneno yako ya ukutani, amecheka akasema huyo mzee anafaa kuwa wakili.

Barua hii ni fupi kwa sababu hatuna muda. Bwana Mbae amekuja Nairobi. Kazi yote lazima isainiwe tarehe kumi, si ishirini na nne kama tulivyopanga. Nilitaka mrudishiwe sentensi zote mara ya pili mzisikie kwa masikio yenu, kama tulivyofanya na punda. Haitawezekana. Barua ikienda na kurudi mwezi utakuwa umekwisha.

Usiwe na wasiwasi. Mashine hukataa kufunga kazi mpaka kila hali iwe na jibu. Palikuwa pamebaki mahali pamoja wazi, nimepaziba mwenyewe. Ni jambo dogo.

Karatasi ya kwanza utaipata mwisho wa mwezi.

Karimi


Kisimani,
9 Septemba 1984

Kwa Bi Karimi,

Karatasi imefika na inafanya kazi. Watu wanapata zamu zao. Hakuna fujo. Bwana Mbae alikuja nayo mwenyewe akasimama juu ya birika, akasema tone moja likitoka nje ya karatasi hii, ufunguo utakwenda kwa mtu mwingine.

Nina swali dogo. Chini kabisa ya karatasi, baada ya majina yote, kuna sentensi: "Asiyetajwa hapo juu hapewi maji kwa mifugo." Ni nani aliyeiandika?

Nauliza tu.

Arero


Nairobi,
18 Septemba 1984

Mzee Arero,

Nimefurahi kusikia zamu zinakwenda vizuri. Bwana Mbae naye amewaandikia wafadhili barua ya sifa, na sasa ofisi inataka njia yetu itumike kwa visima vingine sita. Wamesema nitapewa msaidizi. Ni kazi yako kama ilivyo yangu, nimelisema hilo mbele yao.

Ile sentensi ya chini inatokana na kanuni zenyewe. Kama majina yote yametajwa na mtu hayumo, jibu linafuata hapo. Ni kawaida katika kazi hizi.

Lakini kwa nini umeuliza? Kuna mtu alikuja?

Karimi


Kisimani,
28 Septemba 1984

Karimi Mwiti,

Leo siandiki salamu.

Umesema sentensi ile inatokana na kanuni zetu. Nimezichukua zote ishirini na moja, nakala yangu ninayo, nimezisoma moja moja kwa kidole. Haimo. Hakuna kanuni yangu yenye neno "hapewi". Baba yangu alisimamia kisima miaka thelathini na neno hilo hakuwa nalo mdomoni. Wewe umelitoa wapi?

Umeuliza kama kuna mtu alikuja. Alikuja. Nilikuficha. Sasa nakuambia, kwa sababu nimechoka kulala nalo.

Ilikuwa tarehe tatu, siku mbili kabla ya Idi ya kuchinja. Mama mmoja alitoka upande wa Garba Tula na punda mmoja na mbuzi wa kama nusu birika. Midomo ya mbuzi ilikuwa imeshikamana. Jina lake Fosia. Nilitafuta Fosia kwenye karatasi, juu mpaka chini, hakuna. Chini nikakuta sentensi yako.

Mimi ni mtu wa darasa la nne. Kitu kilichopigwa na mashine, kimesainiwa, kimekuja na gari, mimi naona kina akili kunipita. Nikasema labda huko juu wamejua kitu ambacho sisi hatujui. Labda maji yamepimwa. Nikawaza Sololo na watoto. Nikamwambia, "Mama, hujaandikwa."

Hakupiga kelele. Nilimjazia debe lake, maana kanuni ya kwanza inasema binadamu. Alilichukua, akasema ahsante, akalishusha mbele ya punda. Punda akanywa lote na yeye amesimama anaangalia. Halafu akaniuliza, "Baba yako ni nani?"

Nikamtajia. Jina lile linajulikana mpaka huku.

Akasema, "Basi nimekosea kisima." Akaniachia debe tupu pale penye kivuli, akaondoka na mbuzi zake. Kisima kingine ni mwendo wa siku mbili.

Injini ilikuwa inanguruma wakati huo wote, Karimi. Maji yalikuwa yanamwagika kwa birika la Wario na ng'ombe wake walikuwa wameshiba, wanacheza nayo kwa pua. Wario mwenyewe hakuwepo. Angekuwepo angenipiga fimbo, na ingekuwa halali yangu.

Kanuni hiyo ndiyo ambayo sikukuandikia. Kwamba mwenye kiu hageuzwi. Niliona kukuandikia ni kuwatukana watu wangu, kama kwamba kuna mtu anaweza kunyima. Na mtu huyo nilikuwa mimi.

Sijui Fosia yuko wapi. Hapa hakuna anayejua nilichofanya. Nimewaambia debe niliokota.

Arero


Nairobi,
5 Oktoba 1984

Mzee Arero,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, na nikaisoma tena nikiwa nimekaa.

Sentensi ile niliiandika mimi. Nilikudanganya, na nilijua ninakudanganya. Mahali palipobaki wazi palikuwa hapo: mtu akija na hayumo katika kanuni yoyote, je? Programu ilinionyesha pengo hilo tarehe mbili Agosti saa tisa mchana. Nilipaswa kukuuliza. Niliogopa tarehe, niliogopa Bwana Mbae, na niliona aibu kusema kwamba njia yangu ya kuwasomea watu inahitaji siku ishirini ambazo sina. Kwa hiyo nilijiuliza mwenyewe, nikajijibu.

Na nilijijibu kwa akili ya kwetu. Kwetu Meru maji yanakuja kwa mfereji kutoka mlimani, na kila shamba lina saa yake. Asiye na zamu akifungua mfereji, ni mwizi, anatozwa mbuzi. Bibi yangu Gaceri angeweza kukuambia hivyo akiwa usingizini. Sikufikiri hata kidogo kwamba kuna mahali maji yana desturi nyingine. Niliandika "hapewi" kama mtu anayeandika kwamba jua linatoka mashariki. Wewe uliacha kuandika kwa sababu kwenu liko wazi, mimi nikaandika kwa sababu kwetu liko wazi, na yule mama akapita katikati yetu.

Nimekwenda kwa wakubwa kuomba sentensi itolewe. Wamesema kazi imesainiwa. Bwana Mbae amesema kwenye simu kwamba msichana wa kompyuta asimfundishe kugawa maji. Lakini kuna kifungu kimoja katika mkataba wetu, nilikitia mwenyewe: watu wa kisima wakileta sentensi mpya kwa umbo letu, ikiwa na alama za vidole gumba vya wazee watatu, lazima iingizwe, na lazima isomwe mbele ya watu wote na meneja akiwepo kabla ya kuanza kazi. Hicho hawezi kukikataa.

Karatasi mpya inachapishwa tarehe ishirini na mbili. Sentensi ikinifikia baada ya hapo, ile yangu itabaki mpaka mwaka mpya, na visima vile sita vitaanza nayo.

Siwezi kukuandikia hiyo sentensi. Ningeweza, lakini umeona kinachotokea nikijijibu mwenyewe. Iandike wewe. Na mpaka iingie, kuwa mwangalifu: Mbae ameapa juu ya ufunguo.

Nisamehe ukiweza.

Karimi


Kisimani,
13 Oktoba 1984

Kwa Karimi,

Barua hii anaichukua dereva wa lori la chumvi, ameapa ataitia posta Nairobi mwenyewe. Nimeandika sentensi hiyo mara nane. Kuandika "mwenye kiu apewe maji" ni rahisi, lakini nilijua utaniuliza: mpaka lini, mbele ya nani, birika ngapi? Sasa najua namna mashine inavyofikiri kuliko ninavyopenda.

Ilibidi niwaendee wazee watatu. Mzee Wario aliniuliza, "Kwa nini tuandike hili? Kuna nini?" Nikamwambia Nairobi wanalihitaji. Ni kweli, lakini si kweli yote. Akatia kidole gumba kwa hasira, akasema, "Sisi si watu wa kuandikiwa haya." Vidole vitatu viko chini ya barua hii. Huyo wa katikati, aliyepaka wino mwingi, ni yeye.

Sentensi ni hii:

Kama mnyama mwenye kiu amefika na mwenye mnyama hayuko katika karatasi, basi anakunywa baada ya kundi linalonyweshwa wakati huo, siku hiyo hiyo, na mwenyewe haulizwi ametoka wapi mpaka mnyama ainue kichwa.

Sikuweka "isipokuwa". Nimetafuta, haiko.

Na nyingine, ya kuziba lile pengo lako: Kama jambo limetokea ambalo halimo katika karatasi, basi mwenye ufunguo awaulize watu walioko kisimani kabla ya kujibu.

Jambo la mwisho. Tarehe nane wamefika watu wengine kutoka upande ule ule, nyumba mbili, na ng'ombe wanaoanguka. Hawakuwa kwenye karatasi. Sikutazama karatasi. Niliwasha injini. Kuna mtu amempelekea Mbae habari, na amenitumia neno kwamba atakuja na gari.

Robow ameuliza Bulla Pesa yote. Kuna mama mmoja anaitwa Fosia amepanga chumba nyuma ya msikiti, anauza maziwa ya watu wengine. Hana mbuzi hata mmoja. Punda bado yupo.

Nimemwomba Robow amwambie aje siku ya kusomwa. Hajajibu.

Arero


Nairobi,
22 Oktoba 1984

Mzee Arero,

Zimefika jana. Zimeingia leo asubuhi. Programu haikukataa hata neno. Ile yangu imefutwa, na nimesimama hapo mpaka karatasi ya mwisho ikatoka, kuhakikisha.

Zamu hii mtasomewa. Nimezirudisha zote ishirini na tatu kwa Kiswahili kama mashine ilivyozielewa. Wewe ndiye wa kuzisoma. Usiruke moja.

Kuhusu tarehe nane nimejaribu kumwambia Bwana Mbae kwamba sentensi mpya inakukinga. Amenijibu kwa maneno yangu mwenyewe: sentensi inaanza kazi siku ya kusomwa, si kabla. Kifungu hicho pia nilikitia mimi.

Karimi


Kisimani,
4 Novemba 1984

Kwa Karimi binti Mwiti,

Salamu nyingi. Nakuandikia jinsi ilivyokuwa, maana wewe hukuwepo na ni haki yako.

Tulikaa jana baada ya sala ya adhuhuri. Watu walikuwa wengi, wenye majina na wasio na majina. Bwana Mbae alikaa ndani ya gari, mlango wazi, miguu nje. Fosia alikuja kwa lori la chumvi, punda wake amefungwa nyuma na magunia. Akashuka, akakaa mbali, upande wa wanawake, hakunisalimu.

Nilisoma. Kwenye punda wakacheka tena. Kwenye matope wakaita, "Mpaka Kufa, simama!" na maskini akasimama akapunga mkono. Nilisoma mpaka ya ishirini na mbili, ile ya mnyama mwenye kiu.

Hakuna aliyecheka. Mzee Wario akasimama na fimbo yake.

"Arero, hii tulitia kidole kwa sababu ulisema Nairobi wanaitaka. Leo inasomwa mbele ya wageni na wanawake. Watasema nini juu yetu? Nani ametufikiria hivi? Nani amewahi kunyima?"

Watu wakaunga mkono. Mmoja akasema ni Wameru wa Nairobi wametutukana. Mwingine akamtazama Bwana Mbae. Na ningeweza kunyamaza hapo, Karimi. Wangekulaumu wewe, na karatasi ingekuwa imepita.

Nikasema, "Mimi. Nimenyima mimi. Tarehe tatu mwezi wa tisa, injini ikiwa inawaka, ng'ombe wako wakichezea maji, Mzee Wario. Haikutoka Nairobi peke yake. Karatasi ilisema, na mkono ulikuwa wangu. Ndiyo sababu lazima iandikwe. Kama mimi, mtoto wa aba herega, niliweza, basi yeyote anaweza."

Bwana Mbae alirudisha miguu ndani ya gari.

Fosia akainuka. Akamfungua punda, akamvuta katikati ya watu wote mpaka birikani. Hakuniomba, hakuomba mtu. Punda akashusha kichwa akanywa. Wazee, wanawake, wote tumekaa tunasikiliza punda akimeza. Alikunywa kwa muda mrefu. Nilidhani hataacha.

Halafu akainua kichwa, maji yakimtiririka kidevuni. Mzee Wario akashusha fimbo, akamwuliza kama desturi inavyotaka, kwa sauti ya chini:

"Umetoka wapi, mama?"

Fosia akasema, "Hapa."

Akamwongoza punda akarudi kukaa mahali pake. Mzee Wario akaniambia nisome ile sentensi tena, kwa sauti, na safari hii watu wakaijibu kama dua.

Wazee wametutoza sote. Kila nyumba ya kisima hiki inamtolea Fosia mbuzi mmoja, na mimi, ambaye sina mbuzi, nitatoa matope birikani peke yangu mpaka siku ya kuondoka. Kwa maana ninaondoka. Bwana Mbae alinijia baada ya watu kutawanyika. Hakukasirika, alikuwa kama mtu mwenye haya. Alisema sentensi ni nzuri na itakwenda kwa visima vile sita, lakini tarehe nane ni tarehe nane. Ufunguo nitaukabidhi mwisho wa mwezi. Nitarudi Sololo, nitaona watoto wameota urefu gani. Baada ya hapo sijui.

Usilie kwa ajili yangu, na usiandike kuniombea kazi. Kama una muda, mwandikie Fosia. Hajui kusoma, lakini Robow atamsomea.

Anayekuja kushika ufunguo ni kijana wa Kinna anayeitwa Godana, amemaliza darasa la saba, anasoma haraka kuliko mimi. Nimeanza kumfundisha injini. Na karatasi ya zamu nimemwambia kila ikifika aisome kuanzia chini.

Arero Yattani